Miti ya misitu ya tropiki wakati wa ukame

Ustahimilivu wa ukame kwa miti ni uwezo wa mti kubaki hai katika kipindi kirefu ambacho maji unayoyapata kutoka ardhini ni machache kuliko yale unayoyapoteza hewani. Uwezo huo hutegemea urefu wa mizizi, upana wa mishipa ya maji ndani ya shina, tabia ya majani na akiba ya chakula iliyowekwa wakati wa neema. Hutegemea pia mazoea: mti uliokulia penye maji ya kudumu mara nyingi ndio unaoshindwa kwanza maji hayo yanapopungua.

Wanyama wanaweza kuukimbia ukame. Nyumbu wa Serengeti huifuata mvua inakonyesha. Mti hubaki pale mbegu yake ilipoota, na kwa miti mingi ya msituni maana yake ni kukaa mahali pamoja kwa miaka 100, 200 au zaidi. Katika muda huo ni lazima mti ukutane na ukame mara nyingi.

Nchini Tanzania, Mlima Kilimanjaro ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili, kwa sababu misitu ya aina mbalimbali iko karibukaribu. Kuna vichaka vya migunga na mibuyu katika tambarare kavu, misitu ya chemchemi kule Njoro na Rau mjini Moshi, msitu wa mvua katika mteremko wa kusini, na msitu mkavu wa mitarakwa katika mteremko wa kaskazini. Kila msitu una njia yake ya kuishi na uhaba wa maji.

## Ukame kwa mti

Kiangazi si ukame. Moshi ina misimu miwili ya mvua: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Desemba. Kati ya Juni na Oktoba mvua ni chache sana kule tambarare. Miti ya eneo hilo imezoea mzunguko huo, na mingi hupanga ukuaji, maua na mbegu zake kulingana nao. Ukame huanza pale masika au vuli inapokosekana, au inaponyesha kidogo mno, hasa misimu kadhaa mfululizo. Afrika Mashariki ilipata hali hiyo mwaka 2005 hadi 2006, na tena kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, ambapo maeneo ya kaskazini mwa Tanzania yaliathirika pia.

Ukame wa mti haufanani na ukame wa shamba. Mahindi yana mizizi mifupi, kwa hiyo wiki chache bila mvua wakati wa kuchanua zinatosha kuharibu mavuno. Mti mkubwa hufikia maji ya kina zaidi na una akiba ndani ya shina na mizizi. Unaweza kuonekana mzima mwaka wa kwanza wa ukame, ukadhoofika mwaka wa pili, kisha ukafa mwaka wa tatu hata kama mvua imekwisha kurudi. Kwa sababu hiyo chanzo cha kifo cha mti mara nyingi hakitambuliwi: lawama huwaangukia wadudu au kuvu waliouvamia mwishoni, ilhali udhaifu ulianza zamani.

Joto nalo ni sehemu ya ukame. Hewa yenye joto ina uwezo wa kubeba mvuke mwingi zaidi, kwa hiyo hufyonza maji ya majani kwa nguvu zaidi. Kiasi kilekile cha mvua kinachotosha katika mwaka wa baridi huweza kisitoshe katika mwaka wa joto.

## Njia ya maji ndani ya mti

Mti hauna moyo wala pampu. Maji hupanda kwa kuvutwa kutoka juu. Katika majani kuna vitundu vidogo sana viitwavyo stomata. Kupitia vitundu hivyo jani huingiza hewa ya ukaa kwa ajili ya usanisinuru, yaani utengenezaji wa chakula kwa mwanga wa jua. Lakini kitundu kikiwa wazi, mvuke wa maji nao hutoka. Kila chembe ya maji inayotoka huvuta nyingine nyuma yake, kwa sababu chembe za maji hushikamana. Mvuto huo hushuka kutoka kwenye jani hadi kwenye tawi, shina, mizizi na mwisho kwenye udongo. Maji yote hayo hupita katika mishipa myembamba ya zailemu, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kile kiitwacho mbao.

Kadiri mti unavyokuwa mrefu, ndivyo kazi hiyo inavyokuwa ngumu. Ili maji yashikiliwe kwenye kimo cha mita 10 huhitajika mvuto unaolingana na kanieneo ya angahewa moja, bila kuhesabu ukinzani wa mishipa yenyewe. Mwaka 2016 mtafiti Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, alitoa taarifa ya mti wa spishi *Entandrophragma excelsum* wenye urefu wa mita 81.5 katika bonde moja la Kilimanjaro. Huo ulikuwa mti mrefu kuliko yote ya asili iliyokwisha kupimwa barani Afrika. Kufikisha maji kwenye kilele chake huhitaji mvuto wa karibu angahewa 8 kwa ajili ya kimo peke yake. Si ajabu kwamba mti huo ulipatikana bondeni, penye unyevu mwingi na udongo wenye rutuba.

## Hatari mbili: kiu na njaa

Udongo unapokauka, mvuto ndani ya mishipa huongezeka, kama uzi unaovutwa pande mbili. Ukizidi kiasi, hewa huingia ndani ya mshipa na kutengeneza povu. Uzi wa maji hukatika, na mshipa ule haupitishi maji tena. Povu moja halina madhara makubwa, kwa sababu mti una mishipa maelfu na maji hupita kando. Lakini kila mshipa unapokatika, mzigo huhamia kwa iliyobaki, nayo hukatika kwa urahisi zaidi. Mishipa mingi ikijaa hewa, matawi hukauka hata kama mvua itanyesha kesho yake. Hiki ndicho kifo cha kiu.

Mti huweza kuepuka hatari hiyo kwa kufunga stomata. Maji hubaki, lakini hewa ya ukaa haiingii na utengenezaji wa chakula husimama. Mti huanza kula wanga na sukari ulizoweka akiba. Ukifunga stomata kwa muda mrefu mno, akiba huisha, na mti hukosa hata nguvu ya kutoa utomvu wa kujikinga na wadudu. Hiki ndicho kifo cha njaa.

Kila mti huishi kati ya hatari hizi mbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la *Nature* ulilinganisha spishi 226 kutoka maeneo 81 ya dunia na kukuta kwamba takriban asilimia 70 huishi karibu sana na kikomo chao cha kukatika kwa mishipa. Jambo la kushangaza ni kwamba hali hiyo ilikuwa sawa kwa misitu ya mvua na misitu mikavu. Mti wa mahali pakavu una mishipa imara zaidi, lakini pia huvuta maji kwa nguvu zaidi. Mti wa mahali penye unyevu una mishipa dhaifu, nao haujawahi kulazimika kuvuta sana. Kila mmoja umejipima kwa mazingira yake, na haukuacha nafasi kubwa ya dharura.

## Mbinu za miti

### Mishipa mipana na mishipa finyu

Mshipa mpana hupitisha maji mengi: ukiongeza upana wake mara 2, maji yanayoweza kupita huongezeka mara 16. Hivyo miti ya mahali penye maji huwa na mishipa mipana na hukua haraka. Lakini kwa kawaida mishipa hiyo hukatika mapema zaidi ukame unapoingia. Mtarakwa (*Juniperus procera*), unaoota katika mteremko mkavu wa kaskazini mwa Kilimanjaro na katika milima mingine ya Afrika Mashariki, uko upande wa pili. Mbao zake zina vijishipa vyembamba sana na majani yake ni madogo kama magamba. Hukua polepole, lakini huvumilia ukavu ambao ungeua miti mingi ya mteremko wa kusini.

### Kupukutisha majani

Mti usio na majani hupoteza maji kidogo sana. Mvule (*Milicia excelsa*) hupukutisha majani yake kwa muda mfupi wakati wa kiangazi kisha huchipua tena. Miti ya miombo katika mikoa ya magharibi na kusini mwa Tanzania hufanya jambo la ajabu zaidi: hutoa majani mapya, mengi yakiwa mekundu, kabla mvua ya kwanza haijanyesha. Huweza kufanya hivyo kwa sababu maji yaliyobaki ndani ya shina na katika udongo wa kina hutosha kuanzisha chipukizi, na majani huwa tayari mvua inapofika. Aina moja ya mgunga, *Faidherbia albida*, hufuata kalenda ya kinyume kabisa. Hupukutisha majani mvua zinapoanza na kuwa na majani mabichi wakati wa kiangazi, kwa kuwa mizizi yake mirefu hufikia maji ya ardhini. Ndiyo maana wakulima wengi hupenda kuuacha shambani: hauwanyimi mazao mwanga wakati wa mvua.

### Akiba ndani ya shina

Mbuyu (*Adansonia digitata*) unajulikana kwa shina lake nene lenye mbao laini zilizojaa maji. Watu wengi hudhani kwamba mbuyu hunywa akiba hiyo kiangazi chote. Utafiti uliofanywa juu ya mibuyu ya Madagaska ulionyesha picha tofauti. Maji ya shina hutumika hasa kuchipusha majani mapya kabla ya mvua, na stomata hubaki zimefungwa kwa sehemu kubwa hadi mvua zinaponyesha. Maji hayo pia huliwezesha shina laini kusimama imara. Kwa hiyo kinachoukinga mbuyu wakati wa ukame ni kukaa bila majani. Ghala lake hungoja mwanzo wa msimu.

### Mizizi mirefu

Zamani wanasayansi wengi waliamini kwamba miti ya msitu wa mvua ina mizizi ya juujuu tu. Mwaka 1994 watafiti katika jimbo la Pará, Brazili, walionyesha kwamba miti ya Amazonia hubaki na majani mabichi wakati wa kiangazi kirefu kwa kuvuta maji kutoka kina cha zaidi ya mita 8. Si kila msitu una nafasi hiyo. Penye mwamba karibu, au penye udongo uliojaa maji na usio na hewa, mizizi hulazimika kubaki juu.

Mizizi huweza pia kuhamisha maji. Usiku, stomata zinapofungwa, maji ya kina hupanda kwenye mizizi na kuvuja katika udongo mkavu wa juu. Katika eneo la Tarangire, Tanzania, watafiti walipima jambo hili chini ya migunga (*Vachellia tortilis*, ambayo zamani iliitwa *Acacia tortilis*). Hata hivyo mgunga si mfadhili wa nyasi zilizo chini yake. Katika uchunguzi huohuo ilionekana kwamba mti hufyonza maji mengi kuliko unayoyaleta juu, na nyasi zilistawi zaidi mizizi ya mti ilipozuiwa kuzifikia.

### Kunywa ukungu

Kwenye miteremko ya juu ya Kilimanjaro mawingu hupita katikati ya miti. Matone ya ukungu hunaswa na majani, kuvumwani na ndevu za miti, kisha hudondoka chini. Uchunguzi katika misitu ya ukungu ya Brazili na Kosta Rika umeonyesha kwamba baadhi ya miti hunyonya maji hayo moja kwa moja kupitia majani, hata udongo ukiwa mkavu.

## Majaribio makubwa

Ukame wa kweli hauji kwa ratiba, kwa hiyo wanasayansi wamejaribu kuutengeneza. Katika msitu wa Caxiuanã, jimbo la Pará, hekta moja ya msitu wa Amazonia iliwekewa mapaa ya plastiki chini ya miti kuanzia mwaka 2002 ili kuondoa takriban nusu ya mvua kabla haijafika ardhini. Kwa miaka ya kwanza msitu ulionekana kuvumilia. Baadaye miti mikubwa ilianza kufa kwa wingi, wakati miti midogo mingi ilibaki. Mwaka 2015 watafiti walieleza kwamba akiba ya chakula ndani ya miti haikuwa imepungua kama ilivyotarajiwa. Kilichoua miti mikubwa kilikuwa hasa kukatika kwa mishipa ya maji, yaani kiu zaidi ya njaa. Taarifa ya mwaka 2025, baada ya miaka 22 ya jaribio, ilisema kwamba msitu ulipoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wa miti yake, kisha ukatulia. Miti iliyobaki haikuwa tena na kiu kali, kwa sababu wagawanaji wa maji walikuwa wamepungua. Msitu ulisalia, lakini ukiwa mdogo.

Jaribio jingine lilifanyika mwaka 2019 ndani ya Biosphere 2, jumba kubwa la vioo huko Arizona, Marekani, lenye msitu wa mvua uliopandwa. Mvua ya bandia ilisimamishwa kwa zaidi ya wiki 9, na watafiti wakafuatilia maji na hewa ya ukaa vilivyotiwa alama za kikemia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha mgawanyo wa kazi. Miti mikubwa iliyokuwa ikinywa maji mengi kuliko yote ndiyo iliyopunguza matumizi kwa haraka zaidi, na hivyo ikachelewesha kukauka kwa udongo kwa msitu mzima. Miti hiyo ilifikia maji ya kina, lakini haikuyagusa mpaka ukame ulipokuwa mkali. Spishi nyingine ziliendelea kunywa kidogokidogo. Msitu wenye spishi nyingi za tabia tofauti ulitumia maji yake taratibu kuliko ambavyo ungefanya kama miti yote ingekuwa na tabia moja.

## Njoro na Rau: msitu usiotegemea mvua yake

Njoro ni kata ya Manispaa ya Moshi. Jina lake huhusishwa na neno la Kimaasai *enchorro*, lenye maana ya chemchemi, na kweli eneo hilo lina chemchemi. Kusini-mashariki mwa mji upo msitu wa hifadhi wa Rau, wenye eneo la chini ya hekta 600, katika mwinuko wa kati ya mita 700 na 800 hivi juu ya usawa wa bahari.

Kwa kuhesabu mvua peke yake, msitu kama huo usingekuwepo pale. Mji wa Moshi hupata mvua ya milimita 900 hivi kwa mwaka, na nyingi kati ya hizo hunyesha ndani ya miezi michache ya masika. Kiasi hicho hutosha vichaka na miti ya savana. Lakini msitu wa Rau una miti mirefu yenye majani mabichi mwaka mzima, mitambaazi na udongo wenye maji. Wataalamu huuita msitu wa maji ya ardhini. Miti yake huishi kwa maji yaliyonyesha mbali, juu mlimani, yakapita chini kwa chini katika miamba ya volkano na kutokeza tambarare.

Kati ya miti ya msitu huo umo mvule, ambao baadhi yake ni mikubwa kiasi cha kuwa kivutio kwa wageni, na umo msesewe (*Rauvolfia caffra*), mti wa kandokando ya maji ambao magome yake hutumiwa na Wachaga katika kutengeneza mbege. Mti wenye sifa ya pekee ni msoo (*Prioria msoo*, zamani *Oxystigma msoo*), wa familia ya mikunde. Jina lake la kisayansi limechukuliwa kutoka jina lake la kienyeji. Hupatikana Kenya na Tanzania tu, katika misitu michache ya mitoni na chemchemi, na umeorodheshwa kimataifa kuwa spishi iliyo hatarini.

Kwa miti ya namna hiyo, swali la ukame hubadilika. Mvua ikikosekana Moshi kwa msimu mmoja, msitu wa chemchemi unaweza kubaki wa kijani wakati mashamba yaliyouzunguka yamekauka. Huo si ushahidi kwamba miti yake ni hodari wa kuvumilia ukame. Ni ushahidi kwamba ukame haujaifikia. Katika udongo uliojaa maji mizizi hukosa hewa chini, kwa hiyo hukaa juujuu na kutanda pembeni. Maji ya ardhini yakishuka taratibu, baadhi ya miti huweza kuyafuata kwa kukuza mizizi mipya. Yakishuka haraka kuliko mizizi inavyokua, mti huachwa nyuma. Mgunga wa tambarare kavu, ambao haujawahi kuzoea raha, utaishi mahali ambapo mti huo utakufa.

Tena maji ya ardhini hushuka kwa sababu zaidi ya moja. Mvua za mlimani huweza kupungua. Visima vingi zaidi huweza kuchimbwa mji unapokua. Maji ya chemchemi huweza kuelekezwa mashambani. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliokamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani, hutumia maji ya Mto Njoro na Mto Rau kwa kilimo cha mpunga, na mashamba ya mpunga yamefika hadi kando ya msitu wa Rau. Mpunga huo ni chakula na kipato kwa familia nyingi. Mkulima, mkazi wa mjini na msoo hunywa kutoka mtungi mmoja, ila mmoja wao hawezi kuhudhuria kikao cha kugawana maji.

## Mlima unavyolisha chemchemi

Mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara 2 ya mvua ya Moshi mjini. Hapo ndipo penye msitu wa mkulo (*Ocotea usambarensis*), mti ambao Wachaga huuita mseri. Mizizi, majani yaliyooza na kuvumwani hushika maji na kuyaacha yazame polepole. Watu wengi hufikiri kwamba mito na chemchemi za Moshi hutoka katika barafu ya Kibo. Kwa kweli mchango wa barafu ni mdogo sana. Ghala kuu la maji ni ukanda wa msitu.

Kwa hiyo msitu wa mlimani ukidhurika, pigo hufika hadi Njoro. Ukame hukausha ukanda wa juu wa msitu, wenye miti ya jenasi *Erica*, na kuufanya uwe rahisi kushika moto. Moto mkubwa ulizuka Oktoba 2020 na tena Oktoba 2022, mara zote mwishoni mwa kiangazi. Tafiti za Hemp zimeonyesha kwamba mioto ya miongo ya karibuni imeteketeza sehemu kubwa ya misitu ya *Erica* na kuushusha mpaka wa juu wa msitu. Mahali pa miti pamechukuliwa na vichaka vifupi, ambavyo hunasa ukungu kidogo kuliko miti. Hivyo ukame mmoja huweza kupunguza maji ya miaka mingi inayofuata.

## Dalili za mti wenye kiu

Mti usio na majani si lazima uwe umekufa. Njia rahisi ya kutambua ni kukwangua kidogo ngozi ya kitawi chembamba: kama chini yake pana rangi ya kijani na unyevu, kitawi ki hai. Kitawi kikiwa cha kahawia, kikavu na chenye kuvunjika kwa urahisi, kimekufa.

Kwa miti inayopaswa kuwa na majani mwaka mzima, dalili za kawaida ni hizi:

* majani kunyauka mchana na kutorudi katika hali yake hata asubuhi;
* majani mapya kuwa madogo na machache kuliko ya miaka iliyopita;
* matawi ya kileleni kukauka kwanza, huku ya chini yakiwa bado mabichi;
* vichipukizi vingi kutokea kwenye shina, chini ya sehemu iliyokauka;
* matundu ya wadudu na unga wa mbao kwenye gome;
* miche michanga kutoonekana chini ya miti mikubwa.

Kukauka kwa kilele kwanza kunaeleweka kutokana na njia ya maji iliyoelezwa hapo juu: kilele kiko mbali zaidi na mizizi, na uzi wa maji hukatika pale mvuto ulipo mkali zaidi. Dalili ya mwisho katika orodha ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Mti mkubwa unaweza kuendelea kuishi kwa maji ya kina miaka mingi wakati watoto wake, wenye mizizi mifupi, hufa kila kiangazi. Msitu wa namna hiyo huonekana mzima, lakini hauna warithi.

## Hifadhi

Msitu wa Rau husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Misitu ya mlimani ilijumuishwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005. Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1973 na kuorodheshwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1987. Ugawaji wa maji ya mito na visima uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991 na yenye makao yake Moshi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zenye kudhuru ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji.

Mpaka wa mita 60 huzuia kukatwa kwa miti iliyo karibu na chemchemi, lakini hauwezi kuzuia maji kushuka chini ya miti hiyo. Kwa msitu wa maji ya ardhini, hifadhi ina sehemu tatu: kulinda miti yenyewe, kulinda msitu wa mlimani unaoingiza maji ardhini, na kuwa na kiasi katika maji yanayochotwa katikati. Kupima kina cha maji katika visima mara kwa mara ni muhimu kama kuhesabu miti, kwa kuwa maji hushuka kabla majani hayajaonyesha dalili.

Katika upandaji, spishi huchaguliwa kulingana na maji ya mahali. Miti inayokua haraka na kunywa maji mengi, kama mikaratusi, haifai kandokando ya chemchemi. Mimea ya asili ya mahali hapo, ikiwemo mikuyu, misesewe na misoo, ndiyo inayofaa penye unyevu, wakati migunga na mibuyu hufaa tambarare kavu. Kuchanganya spishi nyingi hupunguza hatari ya kupoteza msitu wote kwa ukame mmoja. Miche huhitaji kivuli, matandazo na maji katika kiangazi cha kwanza na cha pili, mpaka mizizi yake itakapofika penye unyevu wa kudumu.